Kutoka huku hadi humu: kubuni mazingira pepe ya kujifunza pamoja

Mwanafunzi mgeni anafungua jukwaa la kozi yake usiku, baada ya kazi. Anakuta mada kumi na nne zilizoanzishwa na mwalimu, kila moja ina jibu moja au mawili, mengi ya wiki iliyopita. Anaandika: "Habari zenu. Kuna mtu humu?" Anasubiri. Siku ya pili anachungulia tena, hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu hachungulii.

Neno lake moja, humu, limebeba karibu kila ninachotaka kueleza. Kiswahili kinaona mahali kwa namna tatu: hapa, panapojulikana barabara, huku, kusikokuwa na mpaka, na humu, ndani. Tunasema "huku mtandaoni" kwa sababu mtandao ni mpana na hauna ukingo. Lakini mtu akiwa kwenye grupu alilolizoea husema "humu": humu mna watu anaowajua, mna mazungumzo ya jana yasiyohitaji kuelezwa upya, mna yanayosemwa na yasiyosemwa. Anayebuni mazingira pepe ya kujifunza kwa ushirikiano ana kazi moja kubwa, kumtoa mwanafunzi huku na kumwingiza humu. Seva, vitufe, kamera na avata, yaani kikaragosi kinachomwakilisha mtu kwenye skrini, ni vyombo vya kazi hiyo.

Watafiti wa kompyuta walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1996 Steve Harrison na Paul Dourish walitofautisha nafasi na mahali. Nafasi ni umbo: ukubwa wake, milango yake, nani anaweza kuingia. Mahali ni nafasi ambayo watu wameshaipa maana na mwenendo. Ukumbi uleule huwa wa tamasha Jumamosi na wa mtihani Jumatatu; kuta hazijabadilika, lakini Jumatatu hakuna anayepiga makofi. Programu inaweza kumpa mwalimu nafasi kwa dakika tano. Mahali hujengwa na wanaopatumia, na mbunifu anaweza kuwarahisishia ujenzi huo au, asipoangalia, kuuzuia.

Kukaa pamoja na kujifunza pamoja

Chukua kazi ya kundi ya kawaida: wanafunzi wanne wanaandika ripoti moja kuhusu maji safi. Wanagawana. Wewe utangulizi, mimi sababu, yule athari, huyu hitimisho. Kila mmoja anaandika kivyake, na usiku wa kuamkia siku ya mwisho mmoja wao anaunganisha vipande, anasawazisha fonti, anatuma. Ripoti ipo, alama zipo. Aliyeandika sababu hajui athari zinasemaje, na hakuna hata sentensi moja ambamo wazo la mmoja liligongana na la mwenzake.

Huo ni mgawanyo wa kazi. Watafiti Jeremy Roschelle na Stephanie Teasley, mwaka 1995, walieleza ushirikiano kuwa juhudi ya kudumu ya kujenga na kutunza uelewa mmoja wa tatizo. Neno la kushika hapo ni kutunza. Uelewa wa pamoja huvunjika kila baada ya dakika chache: mmoja anasema "kiwango cha maji" akimaanisha kina chake kisimani, mwingine anasikia ubora wake. Ana kwa ana, uso uliokunjamana unatosha kuonyesha kwamba tumepotezana. Mtandaoni uso huo haupo, au umo ndani ya kisanduku kidogo kama stempu, na watu wanaweza kuendelea nusu saa nzima wakidhani wanazungumzia jambo moja. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu yoyote, mimi huuliza: humu, mtu atajuaje kwamba mwenzake hajamwelewa?

Majengo bila watu

Second Life, dunia pepe ya mtandaoni ambamo mtu hutembea kwa avata wake, ilifunguliwa mwaka 2003, na miaka iliyofuata vyuo vikuu vingi viliingia humo kwa shauku. Vilinunua visiwa na kujenga: kumbi za mihadhara zenye viti vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, maktaba, ubao wa kuonyeshea slaidi. Avata waliketi vitini. Sasa, kiti kipo darasani kwa sababu mwili unachoka na macho yanahitaji kuona mbele. Avata hachoki, na anayemwendesha anaweza kuangalia upande wowote autakao. Kilichoigwa ni sura ya shule pamoja na vikwazo vyake. Yaliyosahaulika ni mazungumzo ya kwenye korido, kuchungulia daftari la jirani, kumwona mwenzako ameinamia swali lilelile lililokushinda wewe. Vingi vya visiwa hivyo viliachwa baadaye.

Linganisha na kilichotokea miongo mitatu kabla yake. PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, ulibuniwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mbele ya mashine: yenyewe inauliza, wewe unajibu. Mwaka 1973 Doug Brown na David Woolley walitengeneza ndani yake programu ya mazungumzo iliyoitwa Talkomatic. Iligawa skrini katika vipande hadi vitano, kila mtu na chake, na kila herufi ilionekana kwa wenzako papo hapo ulipoibonyeza. Uliona mtu anasita. Uliona anafuta neno na kutafuta jingine. Hakukuwa na avata wala kisiwa, ni maandishi tu ya rangi ya machungwa kwenye kioo cheusi, na watu waliipenda mno. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kujifunza peke yako ukawa na maisha ya kijamii ambayo waanzilishi wake hawakuyapanga.

Ninaamini tofauti ya visa hivi viwili ni nani anaonekana. Kisiwa kilionyesha jengo. Talkomatic ilionyesha mtu akifikiri.

Hii haimaanishi kwamba uhalisia pepe hauna kazi. Pale ambapo umbo lenyewe ndilo somo, kama moyo wa binadamu, molekuli, au mpangilio wa vifaa vya chumba cha upasuaji, watu wawili wakisimama pande mbili za kitu kimoja na kuonyeshana kwa kidole wanapata jambo ambalo maandishi hayawezi kuwapa. Ila kama somo ni kujadili hoja, ukumbi wa pande tatu unaongeza mzigo kwenye simu ya mwanafunzi na hauongezi kitu kwenye hoja.

Kumwona mwenzako akifanya kazi

Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakilichunguza jambo wanaloliita ufahamu: kujua nani yupo, yuko wapi kwenye kazi, anagusa nini, amebadilisha nini tangu jana. Mfano unaojulikana zaidi leo ni hati ya pamoja. Watu wanne wamefungua ukurasa mmoja, vishale vinne vya rangi vinatembea, kila kimoja na jina, kikionyesha mwenyewe yuko wapi kwenye maandishi. Unaona kishale cha Rehema kimesimama mwisho wa sentensi yako kwa sekunde ishirini. Hajaandika kitu, lakini umeshajua kwamba kuna jambo hapo halijamkaa sawa, na unamwuliza kabla hajaamua kunyamaza.

Nyuma ya urahisi huo kuna tatizo gumu la kompyuta, na inafaa kulitazama kwa karibu kwa sababu linaonyesha jinsi ufundi na ujifunzaji vinavyotegemeana. Tuseme hati ina neno moja: soma. Wewe unaongeza "wana" mwanzoni, lipatikane wanasoma. Sekunde hiyohiyo mwenzako, ambaye skrini yake bado inaonyesha soma, anaweka herufi "e" baada ya herufi ya 3, lipatikane somea. Maagizo mawili yanapishana njiani. Kompyuta yako inapokea agizo lake: "weka e baada ya herufi ya 3." Ikilitii kama lilivyo, wanasoma inageuka waneasoma, neno ambalo hakuna aliyeliandika. Suluhisho lililotolewa na Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka 1989 ni kulibadilisha agizo kabla ya kulitekeleza: kwa kuwa herufi 4 zimeongezwa mbele, 3 inakuwa 7, na neno linatoka wanasomea. Matakwa ya wote wawili yamehifadhiwa, na hakuna aliyelazimika kusubiri zamu.

Hilo la kutosubiri zamu ndilo la maana kwa mwalimu. Mifumo inayofunga ukurasa mtu mmoja anapouhariri huwafundisha wanafunzi, bila kusema, kwamba kazi ni ya mmoja mmoja kwa zamu. Mifumo inayoruhusu mikono minne kwa pamoja huwaalika kukatizana, na kukatizana kwa heshima ni sehemu kubwa ya kufikiri pamoja.

Mazungumzo nayo yakae karibu na kitu kinachozungumziwa. Hapa majukwaa mengi yanashindwa. Kazi ipo kwenye hati, majadiliano yapo kwenye grupu la WhatsApp, na tangazo la mwalimu lipo kwenye barua pepe. Mtu anaandika grupuni, "Ile aya ya tatu irekebishwe," na baada ya ujumbe sitini hakuna anayekumbuka ni aya ya tatu ya toleo lipi. Maoni yaliyobandikwa kwenye mstari wenyewe hayapotei. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, imelipanga hili vizuri: kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano na historia ya kila badiliko, hivyo anayekuja miaka mitano baadaye anaweza kuona si tu kilichoandikwa, hata ubishi uliokizaa. Kwa mwanafunzi, ubishi huo mara nyingi unafundisha kuliko makala.

Lakini ufahamu una upande ambao mbunifu lazima auheshimu. Historia ileile inayomwonyesha mwenzako umefikia wapi inaweza kumwonyesha mwalimu kwamba uliingia saa nane usiku na kuandika maneno kumi na moja. Watu wanaojua kwamba kila rasimu yao inahesabiwa huacha kuandika rasimu humo. Wanaandika pembeni na kubandika kilichokamilika, na kufikiri kunaondoka mahali pa pamoja. Mimi hupendelea wanafunzi waone zaidi ya anachoona mwalimu, na waambiwe tangu mwanzo nani anaona nini. Kila kundi lapaswa kuwa na kona ambayo mwalimu haingii mpaka aitwe.

Kuhitajiana

Mwaka 1913 Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, nguvu ya kila mmoja ilipungua. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine, kama Bibb Latané na wenzake walivyoonyesha mwaka 1979 kwa majaribio ya kupiga kelele na makofi, ni kwamba mtu hujilegeza mchango wake usipotambulika kati ya michango ya wengi. Mtandaoni kujilegeza ni rahisi zaidi, maana hakuna hata anayekuona umekaa.

Dawa ninayoiamini ni kupanga kazi isiyowezekana bila mwenzako. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianza kuitumia huko Austin, Texas, mwaka 1971, katika shule zilizokuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weupe, weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini waliotazamana kwa uhasama. Kila mtoto alipewa kipande kimoja cha somo, na hakuna aliyeweza kulielewa somo zima bila kusikiliza vipande vya wengine. Darasani ilibidi kukata karatasi. Mtandaoni jambo hili linawezekana kwa ruhusa za faili tu. Rudi kwenye ripoti ya maji: mmoja anafunguliwa jedwali la mvua, wa pili ramani ya visima, wa tatu takwimu za wagonjwa wa kuhara, wa nne mahojiano na wakazi. Kwanza kila mmoja anakutana na wenye kipande kama chake kutoka makundi mengine, wasaidiane kukielewa. Kisha anarudi kundini kwake akiwa na kitu ambacho wenzake hawana njia nyingine ya kukipata. Swali wanalopewa halijibiwi na kipande kimoja: kwa nini visima vya upande mmoja vina wagonjwa zaidi? Hapo mwenye jedwali la mvua lazima amwulize mwenye ramani.

Ukubwa wa kundi nao una uzito. Wanne ndio idadi ninayoirudia, kwa sababu wakiwa wawili mmoja akikatika mtandao kazi imesimama, na wakifika saba wawili wanajificha.

Mpangilio wa namna hii una hatari yake. Mtafiti Pierre Dillenbourg alionya mwaka 2002 kwamba maelekezo ya ushirikiano yakizidi, yanaua kile yalichokusudia kukilea. Ukimwambia mtu lini aulize, lini apinge na kwa maneno mangapi, atatimiza masharti na kwenda zake. Sharti maarufu la "andika hoja moja, wajibu wenzako wawili" ni mfano mchungu. Matokeo yake kila mwalimu wa mtandaoni ameyasoma: "Nakubaliana na mwenzangu, umeeleza vizuri sana." Mwanafunzi hana kosa. Ameombwa majibu mawili, ametoa mawili.

Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, wakifanya kazi Toronto katika miaka ya 1980, walipata njia nyepesi zaidi. Katika CSILE, mfumo wao wa kompyuta ambamo wanafunzi huandika mawazo yao wenzao wayaone, na mrithi wake Knowledge Forum, anayeandika huchagua kianzio cha wazo lake: "nadharia yangu ni," "ninahitaji kuelewa," "taarifa mpya," "nadharia hii haielezi." Haikulazimishwa idadi. Lakini ona kinachotokea kwa mtoto anayebofya "nadharia hii haielezi." Amepewa ruhusa ya kupinga wazo bila kumpinga mtu, na sentensi tayari inamdai sababu. Vianzio hivyo vinafanya kazi vizuri kwa Kiswahili, hasa "ninahitaji kuelewa," kwa kuwa wengi wetu tulilelewa kuona swali kama kukiri ujinga.

Sauti, picha na subira

Katika mazungumzo ya kawaida, mtu mmoja akimaliza kusema mwingine huanza baada ya takribani milisekunde 200. Utafiti uliolinganisha lugha kumi na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta lugha zote zikizunguka hapohapo. Nao Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikifika nusu sekunde, wawili wanaanza kwa pamoja, wote wanaacha, "endelea wewe," "hapana, malizia," na baada ya mara tatu za namna hiyo mwenye haya hanyanyui tena sauti. Kinachoonekana kama uzembe mara nyingi ni ucheleweshaji wa mtandao.

Picha nayo inachosha kwa namna yake. Jeremy Bailenson wa Stanford alieleza mwaka 2021 sababu nne: nyuso zinazokukazia macho kwa karibu mno, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na bidii ya ziada ya kutuma na kusoma ishara za mwili. Ushauri wangu kwa kikao cha kundi dogo ni mfupi: wekeni kitu cha kutazama pamoja, jedwali au mchoro, na nyuso zipungue. Watu wanaotazama kitu kimoja huongea kwa urahisi kuliko wanaotazamana.

Halafu kuna uzito wa data. Ujumbe wa maneno 200 hauzidi kilobaiti 2. Saa moja ya simu ya video hula mamia ya megabaiti. Kozi iliyojengwa juu ya video huwachuja wanafunzi kwa nguvu ya mtandao wao kabla hata ya kuwafundisha, na walioachwa nje hawaonekani, kwa sababu aliyekatika hawezi kuandika kwamba amekatika. Kwa hiyo uti wa mgongo uwe maandishi na sauti fupi zilizorekodiwa, ambazo mtu huzifungua kwa wakati wake, hufikiri, hujibu. Wanaofikiri polepole na wanaosoma kwa lugha yao ya pili hunufaika pia. Kikao cha moja kwa moja kitunzwe kwa yale yanayokihitaji kweli: kufahamiana, kubishana, kuamua.

Wiki ya kwanza

Gilly Salmon, mtaalamu wa ufundishaji wa mtandaoni, katika mfano wake wa hatua tano uliochapishwa mwaka 2000, aliweka hatua mbili kabla ya kubadilishana taarifa zozote: kwanza mtu aweze kuingia na awe na sababu ya kuingia, pili afahamiane na wenzake. Hatua hizo ndizo zinazorukwa zaidi, kwa kuwa zinaonekana kama si masomo. Kazi ya wiki ya kwanza iwe ndogo na isiyo na alama, ila ifanyike kwa chombo kilekile kitakachotumika baadaye: kundi liandike kwa pamoja, kwenye hati moja, jinsi watakavyofanya kazi. Tutajibizana ndani ya saa ngapi? Mtu akikwama anasemaje? Wanapoandika hayo wanajifunza kutumia maoni ya pembeni, wanagundua nani huingia asubuhi na nani usiku, na wanatoka na taratibu walizojiwekea wenyewe.

Na mwalimu aonekane mapema, kisha apunguze. Randy Garrison na wenzake waliita hilo uwepo wa ufundishaji, wakiliweka sambamba na uwepo wa kijamii na wa kifikra. Akijibu kila ujumbe, wanafunzi wataandikia yeye. Akinyamaza kabisa, wataondoka. Ninapendelea ajibu kwa kuunganisha: "Hili uliloliuliza, mwenzako wa kundi la pili ana ramani inayoligusa."

Turudi kwa yule mgeni wa usiku. Badala ya mada kumi na nne, ukurasa wake wa kwanza ungekuwa na mistari michache. Kundi lako lina watu wanne. Rehema ameacha swali kwako kwenye jedwali la mvua, mstari wa tisa. Baraka alikuwepo dakika kumi zilizopita. Sehemu ya visima bado haijaguswa na mtu. Anabofya mstari wa tisa, anasoma swali, na kishale chake kinaanza kumulika pembeni mwa jina lake.